Gurudumu la Gari la Zamani katika Milima ya Ryansoro

Msafiri aiachaye lami ya Gitega na kushika njia za udongo ziingiazo Ryansoro hana haja ya kuuliza kama amefika katika nchi ya milima. Gari lenyewe humwambia. Mara injini inalia kwa kupanda, mara inanyamaza kwa kushuka, na kati ya kupanda na kushuka pana kona, na baada ya kona pana kijito na daraja jembamba. Kandokando ya njia kumeota migomba, mihogo, maharage na mibuni. Nyumba zimesimama moja moja juu ya vilima, kila familia na shamba lake, kama ilivyo desturi ya Warundi wa mashambani tangu kale.

Ryansoro ilikuwa komini ya mkoa wa Gitega hadi mwaka 2025, Burundi ilipopunguza mikoa yake kutoka 18 hadi 5 na kuziunganisha komini nyingi. Mipaka imebadilika, lakini vilima havikusogea. Hizi ni nyanda za juu za katikati ya nchi, zenye kimo cha mita 1,500 hadi 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Mto Ruvyironza, unaoanzia Rutovu huko Bururi na kuhesabiwa kuwa chimbuko la kusini kabisa la Nile, hupita katika nchi hii ya Gitega ukiufuata Ruvubu. Mvua huanza mwezi wa Septemba au Oktoba na kuendelea, pamoja na mapumziko mafupi, hadi Mei. Katika miezi hiyo udongo mwekundu hugeuka utelezi. Na katika miezi ya kiangazi huwa vumbi juu ya mawe makali na makorongo magumu.

Katika njia kama hizo, gari si pambo. Ndilo limpelekalo mama mja mzito hospitali usiku, ndilo libebalo magunia ya maharage kwenda sokoni, ndilo lirudishalo maiti nyumbani kwa mazishi. Na mara nyingi gari hilo ni la zamani. Ni Toyota Corolla ya miaka ya themanini au tisini, iliyokwisha kutumika Japani na pengine Dubai kabla ya kufika Bujumbura. Au ni Peugeot 504 iliyosalia tangu enzi za baba. Au Land Rover ya misheni. Au, kwa nadra, Volkswagen ya mgongo wa kobe ambayo mwenyewe hawezi kuachana nayo. Magari haya yamedumu kwa sababu ni rahisi kutengeneza. Lakini sehemu yao moja haitengenezeki, hununuliwa tu, nayo ndiyo yenye kuchaguliwa vibaya kuliko zote: tairi na rimu yake.

TAMAA YA GURUDUMU KUBWA

Mwenye gari la zamani akiisha kulikwamisha mara mbili tatu njiani, huanza kutafuta magurudumu makubwa zaidi. Wazo lake lina mantiki: gurudumu kubwa litaliinua gari juu ya mawe. Mwingine, hasa kijana, hutaka gurudumu pana, lenye rimu inayong'aa na mpira mwembamba kama utepe, kwa kuwa ameliona katika picha na limempendeza. Katika gereji za Buyenzi, mtaa wa Waswahili na mafundi mjini Bujumbura, na katika maduka ya matairi ya mitumba ya Gitega na Muyinga, wauzaji hawakosi la kumpa kila mmoja wao. Kinachoingia katika nati za gari huhesabiwa kuwa kinafaa.

Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mlango wa tairi ni sura yake; ndani yake ni namba zilizoandikwa ubavuni. Anayezijua namba hizo hadanganyiki.

JINSI YA KUSOMA UBAVU WA TAIRI

Tuchukue tairi lililoandikwa 155/80 R13, saizi iliyozoeleka katika magari madogo ya miaka hiyo. Namba ya kwanza, 155, ni upana wa tairi kwa milimita. Namba ya pili, 80, ni kimo cha ubavu, kikihesabiwa kwa asilimia ya upana. Asilimia 80 ya 155 ni milimita 124. Herufi R ina maana kwamba nyuzi za ndani zimepita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, mtindo uitwao radiali. Namba 13 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4. Tairi la zamani zaidi huandikwa 155 R13 tu, bila namba ya katikati. Hapo msomaji achukulie asilimia 80 au 82.

Kwa hesabu hiyo kila mtu aweza kupata kimo cha gurudumu zima. Rimu ya inchi 13 ni milimita 330. Ongeza ubavu wa juu 124 na ubavu wa chini 124. Jumla ni milimita 578. Hiyo ndiyo namba ya kuandika katika daftari la nyumbani, kwa maana ndiyo iliyotumiwa na waliolibuni gari walipopanga gia, breki, usukani na saa ya mwendo.

Sasa tazama. Tairi la 175/70 R13 lina kimo cha milimita 575. Tairi la 185/60 R14 lina milimita 578. Mapana yao ni tofauti, rimu zao ni tofauti, lakini kimo ni karibu kile kile. Ndivyo viwanda vyenyewe vinavyofanya: rimu ikiongezwa, ubavu hupunguzwa, ili gurudumu zima lisibadilike. Mafundi wengi huchukua asilimia 3 kuwa mpaka wa kuongeza au kupunguza.

Lakini mwenye Corolla anayevaa tairi la 195/65 R15 kwa kuwa amelipata kwa bei nafuu amelichukua gurudumu la milimita 634. Amezidi kwa asilimia karibu 10.

HASARA INAYOONEKANA KATIKA MTEREMKO

Faida ya gurudumu hilo ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Gari huinuka kwa nusu tu ya tofauti ya kipenyo, yaani kasoro kidogo ya sentimita 3. Hasara zake ni nyingi, na katika nchi ya Ryansoro hukusanyika zote mahali pamoja, nako ni katika mteremko.

Ya kwanza ni saa ya mwendo, ambayo huanza kudanganya. Ikionyesha kilomita 60 kwa saa, gari linakwenda karibu 66. Ya pili ni breki. Nguvu ya breki hutokea kwenye diski au ngoma iliyo katikati ya gurudumu, na ardhi iko pembeni. Kadiri pembe inavyokuwa mbali na kati, ndivyo nguvu ifikayo ardhini inavyopungua. Dereva akikanyaga kama alivyozoea, hupata pungufu ya asilimia 9 hivi. Ya tatu ni injini. Kila dereva wa milimani anajua kushuka na gia ndogo ili injini ilizuie gari. Gurudumu kubwa huifanya kila gia iwe ndefu, hata gia ya pili ikaanza kufanana na ya tatu, na injini hushindwa kuzuia kama zamani.

Kwa hiyo dereva anashuka kwa kasi zaidi kuliko anavyodhani, akiwa na breki dhaifu kuliko anavyodhani, na injini isiyomsaidia kama alivyozoea. Juu ya hayo, gari limeinuka, nalo huinama zaidi katika kona. Tena usukani ukikatwa hadi mwisho, tairi husugua madigadi, na kusugua huko huukata ubavu kidogo kidogo, bila mtu kujua, mpaka siku tairi lipasukapo.

Asilimia kumi kwenye karatasi ni jambo dogo. Katika kona ya udongo wenye maji, chini yake bonde, ni tofauti ya kufika na kutofika.

SOMO LA BAISKELI

Wananchi wa milima hii wanalo somo la magurudumu mbele ya macho yao kila siku. Baiskeli ya mizigo inayobeba mikungu ya ndizi au dumu za mafuta ya mawese ina gurudumu refu na jembamba. Urefu wake huiwezesha kuvuka shimo bila kutumbukia. Wembamba wake hulikata tope na kuitafuta ardhi ngumu iliyo chini. Hakuna mwendesha baiskeli wa Ryansoro ambaye angekubali gurudumu fupi na pana kwa njia yake.

Gari hufuata kanuni hiyo hiyo. Wengi hudhani kwamba tairi pana hugusa ardhi zaidi. Kwa uzito ule ule na upepo ule ule, eneo la mguso halibadiliki sana. Kinachobadilika ni umbo lake. Tairi pana hugusa kwa kipande kifupi kilichotanda ubavuni. Tairi jembamba hugusa kwa kipande kirefu kinachokwenda mbele. Juu ya lami kavu, umbo la kwanza husaidia katika kona. Juu ya maji na tope jepesi, tairi pana lina maji mengi ya kusukuma pembeni, nalo huelea upesi. Tairi jembamba hupenya.

Afrika ya Mashariki imelijaribu jambo hili mbele ya umati. Mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953 katika njia za Kenya, Uganda na Tanganyika, ziliyapa ushindi magari ambayo raia wa kawaida aliweza kuyaona mtaani kwake. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Peugeot 504 ilishinda mwaka 1975 na 1978. Joginder Singh wa Kenya alishinda mara tatu, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, mara tano. Katika masika, madereva wa mbio hizo hawakuvaa matairi mapana ya barabara za Ulaya. Walitafuta tairi lenye ubavu mrefu wa kupokea mawe na kashata za kutosha kung'ata tope. Tangu mwaka 2003 magari ya enzi hizo yamekuwa yakirudi barabarani katika mbio za Safari za magari ya kale, na hadi leo ubavu mrefu ni sharti la kufika.

Ubavu ndio springi ya kwanza ya gari. Tairi la 155/80 R13 lina milimita 124 za mpira na upepo kati ya jiwe na rimu. Lile la 185/60 R14 lina 111 tu, na yaliyo membamba kama utepe yana pungufu zaidi. Kwa lami ya kutoka Gitega kupitia Karuzi hadi Muyinga, hayo ya pili yanavumilika. Kwa njia za Ryansoro, jiwe moja latosha kuikunja rimu.

TAIRI LA NJIA MBILI

Hapo ndipo ugumu wa uchaguzi ulipo. Gari lile lile linalolala Ryansoro huenda Gitega kwa shughuli za ofisi, huenda Muyinga kwa biashara ya mpakani Kobero, na huteremka Bujumbura kupitia Bugarama. Mwenyewe hawezi kununua magurudumu ya kila safari. Inampasa kuchagua seti moja itakayomtumikia katika lami na katika udongo.

Jibu la busara ni kuanza na saizi iliyoandikwa na kiwanda. Kibao chake huwa kwenye nguzo au ukingo wa mlango wa dereva, au katika kitabu cha gari. Anayetaka kupanda kidogo kwa ajili ya mawe na apande hatua moja. Kwa gari lililozaliwa na 155/80 R13, hatua hiyo ni 165/80 R13. Kimo chake ni milimita 594, zaidi kwa asilimia 2.8, ubavu ni mrefu kuliko wa kwanza, rimu ni ile ile, na breki, gia na saa ya mwendo hubaki karibu na zilivyokuwa. Kabla ya kulipa, fundi alivike gurudumu moja la mbele, aukate usukani pande zote mbili gari likiwa na mzigo, na kutazama kama mpira unagusa chuma.

Rimu nazo zina tabia zake. Kutosha kwa idadi ya nati si ushahidi wa kufaa. Nati nne za Corolla ya miaka ya tisini zimepangwa katika duara la milimita 100. Nati nne za Peugeot 504 zimepangwa katika duara la milimita 140. Volkswagen ya kobe ilikuwa na nati tano hadi miaka ya sitini, na baadaye nne. Kulazimisha rimu kwa kutanua matundu, kama ifanywavyo pengine vichochoroni, ni kuandaa ajali. Vilevile rimu inayolitoa gurudumu nje ya madigadi huongeza mzigo juu ya beringi na kuufanya usukani uvutwe na kila shimo. Na katika gari lisilo na usukani wa pawa, mikono ya dereva ndiyo inayolipa.

MAMBO MATATU YASIYOCHANGANYWA

Mwenye gari kongwe huenda akakutana na matairi ya mtindo wa kale, ambayo nyuzi zake hupishana kwa mshazari. Radiali ilianza kuuzwa na Michelin mwaka 1949 na kuenea polepole duniani. Mitindo hiyo miwili haishiki ardhi kwa namna moja. Kuvaa radiali mbele na mshazari nyuma ni hatari kubwa, kwa kuwa miguu ya nyuma itateleza kwanza na gari litageuka kichwa nyuma. Lililo bora ni kuvaa mtindo mmoja pande zote nne.

Jambo la pili ni la kipato. Familia ikiwa na fedha za matairi mawili mapya tu, desturi ya wengi ni kuyaweka mbele. Watengenezaji wa matairi hushauri kinyume: mapya yawekwe nyuma. Mbele ikiteleza, dereva huisikia katika usukani na kupunguza mwendo. Nyuma ikiteleza, madereva wachache sana huweza kulirudisha gari.

Jambo la tatu ni umri. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha na kile cha Sameer cha Nairobi, vilivyolisha eneo hili kwa miaka mingi, viliacha kutengeneza matairi, cha pili mwaka 2016. Matairi mengi sasa hutoka mbali, na mengi ni mitumba. Mpira huzeeka hata ukiwa ghalani. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi yaanzayo na herufi DOT, kuna namba nne: 2319 ina maana ya juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lenye umri unaozidi miaka 10 lisinunuliwe, hata kama kashata zake ni ndefu na weusi wake unang'aa kwa rangi. Lenye namba tatu tu lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000.

UPEPO NA MZIGO

Saizi njema bila upepo wa kutosha ni kazi bure. Baada ya R13 huandikwa namba nyingine, kwa mfano 79, nayo ni kipimo cha mzigo: namba hiyo hubeba kilo 437, na namba 82 hubeba kilo 475, tairi likiwa limejaa sawasawa. Gari lililojaa watu saba na magunia mawili buti hukaribia mpaka huo kwa miguu ya nyuma, na kibao cha mlangoni mara nyingi hutaja upepo zaidi kwa safari ya mzigo.

Upepo upimwe asubuhi, tairi likiwa la baridi. Madereva wa Bujumbura huuliza kama wapunguze upepo wanapopanda kutoka ziwani, mita 800 hivi, kwenda Bugarama, zaidi ya mita 2,000. Hapana haja. Wepesi wa hewa ya juu huongeza kipimo kidogo, baridi ya juu hukipunguza karibu kwa kiasi hicho hicho, na mambo mawili hayo hufutana. Kilicho muhimu ni kupima kila juma, kwa kuwa tairi lenye upepo mdogo huchemka, hulemaza usukani na hula petroli. Na petroli, Warundi wanajua, imekuwa adimu mno katika miaka ya karibuni, hata watu wakalala katika foleni za vituo.

Nyumba nyingi hupanga fedha za sare za shule, mbolea na dawa kwa pamoja, lakini matairi huachiwa baba au dereva peke yake, naye huyanunua kwa haraka siku lile la zamani lipasukapo. Inafaa yapangwe kama vingine. Iandikwe katika daftari saizi ya kiwanda, kimo kwa milimita, namba ya mzigo na mwaka wa kila tairi, pamoja na la akiba. Mama au kijana aendaye sokoni Gitega aweza kwenda na daftari hilo mkononi, na muuzaji hatampa kitu kingine.

Masika yajayo, njia za Ryansoro zitalowa tena kama zilivyolowa kabla ya gari la kwanza kupita. Aliyechagua tairi jembamba, lenye ubavu mrefu, la kimo alichokusudia aliyelibuni gari lake, hatavutia macho ya mtu sokoni. Atashuka mteremko kwa gia ya pili, injini ikimzuia, na abiria wake watakuwa wakizungumza habari nyingine.